Fimbo za gofu na chumvi ya pwani: dalili, sababu na tiba ya nyumbani

Mwenye fimbo za gofu Unguja au Pemba ana adui mmoja mkubwa, naye ni chumvi. Hewa ya bahari huibeba mpaka ndani ya kabati, ikishatua kwenye chuma huvuta unyevu, na chuma huanza kuliwa hata kama fimbo haijatoka kwenye begi. Fimbo nyingi ninazoletewa zimeshatumika nje, zimekuja kwa kontena au zimeachwa na wageni, kwa hiyo zinafika tayari na makovu yake. Lakini zile zilizokufa kabisa, ukimuuliza mwenyewe vizuri alizifanya nini, mara nyingi chumvi haikuzimaliza. Zimemalizwa na usafi: stilwaya, jiki, msasa, mashine ya kung'arishia. Fimbo chafu hurudi, fimbo iliyosuguliwa ngozi yake hairudi.

Tuelewane majina. Kichwa ni kile cha chini kinachopiga. Uso ni upande wake unaogusa mpira, na mifereji ni ile mistari iliyochimbwa usoni. Shafti ni ule ufito mrefu wa fimbo, shingo ni pale shafti inapoingia kichwani, na kipete ni kile kipande cha plastiki, aghalabu cheusi, kinachokaa juu ya shingo. Mpini ni raba ya kushikia. Ayani ni fimbo zenye vichwa vyembamba vya chuma, wedji ni ayani fupi za kutolea mpira mchangani, draiva ndiyo yenye kichwa kikubwa kilicho kitupu ndani, na pata ni ya kusukumia mpira shimoni.

Osha kwanza, ndipo utafute ugonjwa

Dalili nyingi huondoka kwa hatua hii peke yake, kwa hiyo usiiruke. Chukua beseni, maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani na matambara mawili ya pamba. Maji yafunike kichwa cha ayani tu, yasifike kwenye kipete. Acha dakika tano hadi kumi, sugua kwa mswaki ukifuata mifereji, suuza, kausha kwa tambara la kwanza, kisha rudia kwa tambara la pili lililo kavu kabisa. Zisimamishe kivulini penye upepo mpaka shingo nazo zikauke. Mwisho, tone moja la mafuta ya cherahani kwenye kitambaa, ulipitishe juu ya chuma. Fimbo ing'ae, isiteleze.

Maji yanayochemka usitumie. Joto hulainisha gundi inayoshika kichwa na shafti, na hufubaza kipete. Draiva na fimbo nyingine za vichwa vitupu au vya mti usizizamishe hata kidogo, zifute kwa tambara lililokamuliwa.

La muhimu kuliko yote ni maji ya kusuuzia. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, na kusuuza kwa maji hayo ni kuipaka fimbo kile kile unachokiondoa. Kama maji ya kwenu yana ladha hiyo, weka ndoo ya maji ya mvua kwa kazi hii.

Madoa mekundu au ya kahawia kwenye kichwa

Haya ndiyo malalamiko yanayoongoza, na si kila mara ni kutu. Kinongo, ule udongo mwekundu, hujishindilia kwenye mifereji, na ukikauka hufanana na kutu kabisa. Baada ya kuosha, futa uso kwa tambara jeupe lenye umaji. Wekundu ukihamia kwenye tambara na chuma kikabaki safi, ulikuwa udongo na kazi imekwisha. Ukibaki kwenye chuma, pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukiteleza, ni doa la juu. Ukikwama na kuparuza kana kwamba unapita kwenye msasa, kutu imeshachimba.

Sababu, kwa kufuata wingi wake. Ya kwanza ni fimbo kurudishwa begini zikiwa na maji, hasa zile zinazovishwa kofia za kitambaa. Kofia iliyolowa huuweka unyevu juu ya chuma usiku kucha. Ya pili ni kiyoyozi: fimbo iliyolala kwenye chumba cha baridi ikitolewa nje kwenye joto la kaskazi hutokwa na jasho papo hapo, kisha mtu anaifunika bila kuifuta. Ya tatu ni safari ya boti. Begi lililowekwa sitahani kutoka Dar es Salaam hupigwa na rasharasha za bahari njia nzima, na mwenyewe huliona kavu anapofika bandari ya Malindi, Unguja, kwa sababu maji yamekauka, chumvi imebaki. Ya nne haitarajiwi: stilwaya. Nyuzi zake huacha chembe ndogo za chuma juu ya kichwa, na zinazoota kutu ni chembe hizo, si fimbo. Ndiyo maana wapo wanaosugua leo, fimbo ikang'aa, na keshokutwa ikawa nyekundu kuliko mwanzo.

Sababu ya mwisho si ugonjwa. Zipo wedji zinazotengenezwa makusudi bila ngozi ya kromu, na hizo huota kutu kwa maumbile yake. Wengine huzipenda hivyo. Ukitaka kuituliza kutu, mafuta ya cherahani baada ya kila mchezo yanatosha, lakini usitegemee ing'ae kama kioo.

Tiba ya doa la juu ni soda ya kuokea iliyokorogwa na maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito. Paka, acha robo saa, sugua kwa mswaki, suuza, kausha. Lisipotoka, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwenye kikombe, kichwa kikae humo nusu saa huku ukikitazama kila dakika kumi. Kipete kibaki nje. Ukitoa, tumbukiza kwenye lita moja ya maji yenye kijiko cha soda ya kuokea ili ukali wa siki uishe, suuza, kausha hapo hapo na upake mafuta. Chuma kilichotoka kwenye siki bila kupakwa mafuta hushika kutu haraka kuliko kilivyoingia. Kuacha usiku kucha, kama wengi wanavyofanya, huila ngozi ya kichwa. Na vichwa vyeusi visiingie kwenye siki kabisa: weusi ule utatoka pamoja na kutu.

Ndimu na chumvi, dawa ya bibi zetu kwa masinia, kwenye chuma sikubaliani nayo. Ndimu peke yake hufanya kazi ya siki. Chumvi ndiyo tunayoikimbia.

ONYO: siki au ndimu isikutane na jiki hata kwa bahati mbaya, hata kwenye beseni ambalo jiki ilikuwamo na halikusuuzwa. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Ukisikia harufu kali inayochoma pua, acha kila kitu, toka nje, na ukibaki na kikohozi au kifua kubana nenda hospitali. Na jiki hata peke yake ni adui wa chuma, haina kazi kwenye fimbo.

Ngozi ya kromu inabanduka

Ayani zilizofuliwa, ambazo aghalabu zimechongwa neno Forged karibu na shingo, mara nyingi ni chuma laini kilichovishwa nikeli na kromu. Ngozi hiyo ikipata jeraha, kwa jiwe la matumbawe au kwa fimbo kugongana begini, kutu huingia chini yake na kuinyanyua kama magamba. Ayani nyingi za kumiminwa ni za chuma kisichoshika kutu mpaka ndani, hizo hazina ngozi ya kubanduka. Kuzitofautisha kwa sumaku hakusaidii, kwa sababu hata chuma kisichoshika kutu cha ayani kwa kawaida hunaswa na sumaku. Tazama kingo za chini: ukiona mpaka kati ya rangi mbili za chuma, ni ya kuvishwa.

Hapa pa nyumbani unaweza kufanya moja tu: kausha vizuri, paka mafuta kwenye jeraha, na ukipenda nta ya gari juu ya sehemu nzima. Usibandue magamba kwa kisu, kwani makali yake hukata vidole na utalipanua jeraha. Wala usimpelekee fundi wa kuvisha nikeli wa mtaani asiyejua fimbo. Kazi ya kromu hutumia kemikali za sumu, na tabaka nene likiingia kwenye mifereji fimbo haitashika mpira tena. Ni kazi ya karakana maalumu, na mara nyingi bei yake huizidi bei ya fimbo.

Weupe unaorudi kila ikikauka

Chokaa. Maji ya Unguja hutoka kwenye mawe ya matumbawe na hubeba chokaa nyingi, ile ile inayoganda kwenye birika. Kitambaa chenye siki kidogo huifuta kwa dakika moja, kisha suuza kwa maji ya mvua na ukaushe. Asiyeacha fimbo ijikaushe yenyewe hataiona chokaa hiyo tena.

Mng'aro umefifia

Aghalabu ni mafuta ya zamani yaliyoshika vumbi, hasa mafuta ya nazi. Yananukia vizuri lakini kwenye chuma huganda na kukusanya kila kitu. Osha kwa sabuni mara mbili, mng'aro utarudi. Kama bado, ni mikwaruzo ya kufuta kichwa kikavu chenye mchanga. Kwa kichwa cha kromu kisicho na jeraha, dawa ya maji ya kung'arishia vyuma inafaa: kidogo kwenye kitambaa laini, duara ndogo ndogo, ifutwe yote, isiingie kwenye mifereji wala isiguse rangi ya namba. Vichwa vyeusi na vile vilivyotengenezwa na uso wa kufifia visipakwe, utaviachia mabaka yanayong'aa ambayo hayatoki.

Wapo wanaopeleka ayani kwa masonara wa Mji Mkongwe zipitishwe kwenye gurudumu la kung'arishia. Najua zinatoka zinameremeta mpaka unajiona. Pitisha kidole usoni ndipo utajua umepoteza nini: kingo za mifereji zimelala, na ngozi ya kromu imekonda kwenye pembe. Miezi michache baadaye pembe hizo ndizo zitakazokuwa za kwanza kuota kutu. Sonara hana kosa, kazi yake ni bangili.

Mpira hausimami ukitua

Mtu atakwambia wedji yake imekufa, na pengine mifereji imejaa tu kinongo kilichokauka au unga wa mchanga wa pwani. Loweka, kisha ukwangue mfereji mmoja mmoja kwa tii ya mbao, kile kijiti cha kuwekea mpira, au kijiti cha meno. Msumari na ncha ya bisibisi hapana. Ukishasafisha, burura ukucha kukatiza mifereji. Ukinasa kwenye kila mstari, fimbo ni nzima na tatizo liko kwenye mpira au kwenye pigo. Ukipita bila kunasa, mifereji imelika.

Vipo vifaa vya kuchongea mifereji upya na vinauzwa bei rahisi. Anayecheza mashindano aviache. Kanuni za gofu, zinazosimamiwa na taasisi mbili, R&A ya St Andrews, Uskoti, na USGA ya Marekani, zina vipimo vya mifereji: upana usizidi milimita 0.9 na kina kisizidi milimita 0.508, na tangu 2010 masharti ya ukali wa kingo yamekazwa zaidi. Fimbo halali iliyochakaa kwa matumizi ya kawaida hubaki halali. Uliyoichonga mwenyewe ikapita vipimo, si halali tena.

Mpini unateleza, au unanata

Mpini watu huusahau kabisa. Mtu atashinda na kichwa siku nzima, mpini haujaonja sabuni tangu ununuliwe. Kuteleza husababishwa kwanza na jasho na mafuta ya ngozi, pamoja na mafuta ya kujikinga na jua. Sugua kwa brashi laini na maji ya sabuni, lakini mikono yako ishike fimbo mpini ukitazama chini kidogo na ncha yake isizamishwe. Kwenye ncha hiyo kuna tundu dogo, na maji yakiingia hapo hushuka ndani ya shafti na kukaa. Futa, acha ukauke kivulini usiku mmoja.

Ukikauka na bado unateleza, uangalie kwenye mwanga. Raba iliyozeeka inang'aa pale dole gumba linapokaa. Pitisha msasa laini kabisa mara mbili tatu kwa wepesi, uso wa juu uondoke, utapata uhai wa muda. Ikiwa kuna nyufa ndogo, au imekuwa ngumu kama mti kwa kukaa ndani ya buti la gari juani, badilisha. Anayecheza kila wiki apange kubadilisha mara moja kwa mwaka.

Kunata ni jambo jingine. Karibu kila mara mpini umefutwa kwa mafuta ya taa, petroli au dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Raba imeanza kuyeyuka na haiponi. Dawa ya rangi ya kucha ikigusa kipete nacho hulainika na kuacha alama za vidole. Wanaobadilisha mipini wenyewe hutumia petroli kulainisha utepe wa gundi ili mpini uteleze kuingia. Tafadhali, si ndani ya nyumba, na si karibu na jiko la mkaa. Mvuke wa petroli hutambaa chini kwa chini na kulifikia jiko lililo mbali nawe. Zipo tepe zinazolainika kwa maji, zitafute hizo.

Shafti ina kutu, ufa, au inatoa maji ya kahawia

Kutu ya juu kwenye shafti ya chuma hutoka kwa uji wa soda ya kuokea na mafuta. Simamisha fimbo mpini ukiwa chini: ikitoka matone ya kahawia kwenye tundu la mpini, kutu iko ndani. Iache hivyo siku mbili ikauke, kisha ichunguze karibu na shingo na chini kidogo ya mpini, ndipo huanza kuliwa. Mashimo unayoyahisi kwa ukucha, au kipindo chochote, ni mwisho wa shafti hiyo. Huvunjika ghafla wakati wa pigo na kuacha ncha kama mkuki.

Shafti nyeusi nyepesi za nyuzi za kaboni hazioti kutu, ila usizipige msasa wala kuzikwangua, kwa kuwa nguvu yake iko kwenye nyuzi zile. Kuna jaribio zuri: chukua bonge la pamba, ulizungushe kwenye shafti na ulivute taratibu kutoka mpini hadi shingo. Pamba ikiacha nywele mahali, hapo pana ufa hata kama jicho halioni. Usiipige tena, na usipitishe kidole, vibanzi vyake huingia ndani ya nyama na kuvitoa ni kazi.

Kitu kinagonga, au kichwa kinacheza

Mlio mdogo ndani ya draiva mara nyingi ni kipande cha gundi kilichobanduka. Hakina hatari, kinaudhi tu. Kabla ya kusema hivyo, kaza skrubu za uzito kwa ufunguo wake mwenyewe, maana skrubu iliyolegea hutoa mlio huo huo. Mlio wa mchanga au maji maana yake draiva imezamishwa. Iache ikauke kwa siku kadhaa.

Kichwa kinachocheza ni habari nyingine. Shika shafti kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, jaribu kukizungusha. Ukisikia mtikisiko, au kipete kimepanda na kuacha mwanya, simama. Usitie gundi ya dukani. Gundi za haraka hazihimili pigo, na kichwa kinachoruka kinaweza kumuua aliyesimama mbele. Mpelekee fundi wa fimbo. Kama humpati Unguja, pa kuanzia kuulizia ni kwa wachezaji wa viwanja vya gofu vya Gymkhana au Lugalo, Dar es Salaam.

Pata au ayani ya rangi ya shaba imesawijika

Pata ya shaba ya manjano ikiwa nyeusi imepata hewa tu. Ukwaju unaosafisha vyetezo na mirashi unaisafisha na yenyewe: vua mbegu, paka nyama yake, subiri dakika tano, suuza sana, kausha. Kama usoni kuna kipande laini cha plastiki, kizunguke.

Ayani za rangi ya shaba nyekundu ni jambo la kuangalia mara mbili. Katika miaka ya 1980 zilitengenezwa fimbo za shaba iliyochanganywa na beriliamu, zikiwamo baadhi za Ping Eye 2, na bado zinazunguka sokoni. Kuzishika na kuziosha kwa sabuni hakuna shida. Vumbi lake ndilo la hatari: ukizipiga msasa, tupa au gurudumu, unavuta beriliamu, na ugonjwa wake wa mapafu hauna tiba ya kuumaliza. Kama hujui fimbo ya rangi hiyo imetengenezwa kwa nini, iache na weusi wake.

Begi linanuka ukungu

Masika na vuli. Toa kila kitu, pamoja na mipira na glavu iliyosahauliwa mfukoni. Futa ndani kwa siki na maji, liache wazi kivulini penye upepo mpaka likauke hata kwenye mishono. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vitupie chini ya begi, na uvibadilishe vikishavuta unyevu. Begi lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta wa mawe na chokaa, kuta hizo hunyonya maji msimu mzima wa mvua na kuyatoa pole pole.